Tarehe Ina Wenyewe

Redio ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, WKCR, humwadhimisha Louis Armstrong mara mbili kila mwaka. Tarehe 4 Julai hupiga santuri zake mchana kutwa. Ikifika tarehe 4 Agosti huzipiga tena. Si kwamba wamepitiwa. Ya kwanza ni siku ambayo mwenyewe alisema alizaliwa. Ya pili ni siku aliyozaliwa.

Armstrong aliishi na tarehe 4 Julai 1900 maisha yake yote. Aliitaja alipojiandikisha kwa ajili ya jeshi mwaka 1918, akaitaja kwa waandishi wa habari, akaitaja jukwaani. Ilikuwa tarehe tamu: sikukuu ya uhuru wa Marekani, tena katika mwaka ambao hauna haja ya kukokotoa ili kujua umri wa mtu. Julai 1970 wapenzi wake walimwandalia sherehe kubwa Los Angeles ya kutimiza miaka 70. Kwa kweli alikuwa na 68, bado mwezi mmoja afikishe 69. Mwaka uliofuata, Julai 6, alifariki nyumbani kwake Corona, kule Queens, siku mbili baada ya sikukuu yake ya kujichagulia, na magazeti yakamzika na miaka 71.

Ilipofika miaka ya 1980 mtafiti mmoja wa New Orleans, Tad Jones, akafungua daftari la ubatizo la kanisa la Sacred Heart of Jesus. Humo, chini ya tarehe 25 Agosti 1901, padri alikuwa amemwandika mtoto Louis, mwana wa William Armstrong na Mary Albert, aliyezaliwa tarehe 4 ya mwezi huohuo. Kando ya jina ameongeza maneno mawili ya Kilatini: mweusi, wa nje ya ndoa. Mstari mmoja tu wa wino, na miaka themanini ya keki na mishumaa ikahama mwezi na mwaka.

Alidanganya? Sidhani. Mama yake, aliyejulikana kama Mayann, alijifungua akiwa binti mdogo katika mtaa wa ufukara ambako cheti cha kuzaliwa kilikuwa mambo ya watu wengine. Mtoto wa namna hiyo hupewa siku inayokumbukika, na siku inayokumbukika kuliko zote Marekani ni Julai 4. Hata George M. Cohan, mtunzi wa Broadway aliyejitangaza mtoto wa sikukuu hiyo mpaka akaingiza jambo hilo kwenye wimbo, cheti chake cha ubatizo kinasema Julai 3, 1878. Yeye alikosea kwa siku moja, tena alikuwa na cheti.

Kinachonivutia zaidi kwa Armstrong ni kwamba ipo tarehe ya utoto wake iliyoandikwa papo hapo, bila utata. Usiku wa kuamkia mwaka 1913 alifyatua bastola hewani mtaani, akakamatwa, akapelekwa kwenye nyumba ya kurekebishia watoto weusi wa New Orleans. Gazeti la mji likaripoti. Huko ndiko alikofundishwa koneti na Peter Davis, akaingia bendi, akatoka akiwa mpigaji. Kuzaliwa kwake hakukuwa na karani. Kukamatwa kwake kulikuwa naye. Na ukiniuliza mimi ni ipi kati ya tarehe hizo mbili iliyouzaa muziki wake, nitaelekea kwenye ile ya polisi.

New Orleans, kwa upande wake, imeshika daftari la padri. Mwaka 2001, karne yake ilipotimia kwa hesabu sahihi, uwanja wa ndege wa jiji ulipewa jina lake, na tamasha la kumkumbuka likaanzishwa, ambalo hufanyika Agosti, jua likiwa kali mno. Wale wa redio ndio wameshika zote mbili, na nadhani wao ndio wamemwelewa zaidi.

Tarehe, basi, haijileti. Lazima awepo mtu wa kuishika mkono: mama, padri, redio, mwenye duka la santuri, chama cha siasa. Na sijui mfano uliozidi ule wa Stevie Wonder, mwanamuziki aliyechukua siku ya kuzaliwa ya mtu mwingine akaifanya sikukuu ya taifa.

Martin Luther King alizaliwa Januari 15, 1929, akauawa Memphis Aprili 4, 1968. Siku nne baadaye, kabla hajazikwa, mbunge wa Michigan John Conyers alipeleka bungeni muswada wa kuifanya siku yake ya kuzaliwa iwe ya mapumziko kwa nchi nzima. Muswada ukalala. Conyers akawa anaurudisha kila bunge jipya likiingia, nao unalala tena. Mwaka 1979 hatimaye ukapigiwa kura kwenye Baraza la Wawakilishi, ukakosa theluthi mbili kwa kura tano. Waliopinga walisema siku nyingine ya kuwalipa watumishi bila kazi ni gharama, na kwamba mtu ambaye hakuwahi kushika cheo serikalini hawezi kuwekewa sikukuu. Marekani hiyohiyo tayari ilikuwa na sikukuu ya Christopher Columbus.

Stevie Wonder alikuwa amezaliwa Saginaw, Mei 13, 1950, akakulia Detroit, jiji la Conyers. Septemba 1980 akatoa albamu ya Hotter Than July, na ndani yake ulikuwamo wimbo wa kumtakia King heri ya kuzaliwa. Karatasi ya ndani ya santuri ilikuwa na picha ya King na maneno ya kuwahimiza wasikilizaji waidai sikukuu hiyo. Hebu fikiria: mtu amenunua santuri akacheze sebuleni, anaichomoa kwenye ganda, anakutana na kazi ya kufanya.

Ujanja wa wimbo wenyewe uko kwenye namna ulivyopangwa. Beti zinabishana. Zinauliza kwa upole, karibu kwa mshangao, inawezekanaje watu wakatae jambo jema namna hii. Halafu kiitikio kinakuja na ubishi unakwisha ghafla. Sasa ni sherehe, makofi, sauti nyingi pamoja. Anayepinga muswada anajikuta amesimama mlangoni mwa hafla ya kuzaliwa akikataa kuimba. Nimesikia hotuba ndefu za siasa ambazo hazikufanya hivyo kwa saa nzima.

Akaupeleka barabarani. Ziara ya albamu hiyo ilikuwa imepangwa iwe na Bob Marley, lakini saratani ilishamwangusha Marley, naye angefariki Mei 1981. Nafasi yake ikajazwa na Gil Scott-Heron, mshairi ambaye baadaye alikuja kuisimulia safari hiyo kwenye kitabu chake cha kumbukumbu. Januari 15, 1981, kwenye baridi ya Washington, makumi ya maelfu ya watu walikusanyika, Stevie akaimba na kuhutubia. Uingereza wimbo ulipanda mpaka nafasi ya pili kwenye chati mwaka huo. Marekani kwenyewe haukutolewa kama singo, na kwa hiyo haukuwa na chati ya kupanda. Ulisambaa kwa redio, kwa albamu, kwa maandamano. Coretta Scott King, mjane wa marehemu, akashirikiana na Stevie kukusanya sahihi, zikafika milioni sita.

Agosti 1983 Baraza la Wawakilishi likapitisha kwa kura 338 dhidi ya 90. Kwenye Seneti, Jesse Helms wa North Carolina alipinga kwa nguvu zake zote, akimtuhumu King kwa ukomunisti, lakini Oktoba zikapatikana kura 78 dhidi ya 22. Ronald Reagan, ambaye naye hakuwa na shauku, akatia sahihi Novemba 2. Sikukuu ya kwanza ikaangukia Januari 20, 1986.

Januari 20, si 15. Sheria iliiweka Jumatatu ya tatu ya mwezi, ili watu wapate wikiendi ndefu, kwa hiyo miaka mingi taifa humwadhimisha King siku ambayo hakuzaliwa. Majimbo mengine yalivuta miguu hata hapo. Arizona iliikataa kwa kura mwaka 1990, kundi la Public Enemy likaitungia wimbo wa hasira, na ligi ya kandanda ya Kimarekani ikaiondolea fainali yake ya 1993. Mwaka 1992 wapiga kura wa Arizona wakaikubali. Sina hakika ni wimbo au ni fainali iliyowashawishi zaidi, ingawa nina mashaka yangu.

Leo nenda kwenye nyumba za Wamarekani weusi, keki ya mtoto wa miaka mitano ikiletwa mezani, uwezekano ni mkubwa utawasikia wakiimba ule wa Stevie. Mtoto hajui kama anaimbiwa wimbo wa kudai sheria.

Ule mwingine, unaoimbwa dunia nzima na ambao kila Mswahili ameuimba kwa Kiingereza cha kukisia, una kesi yake mahakamani. Sauti yake ilitoka kwa akina dada wawili wa Louisville, Kentucky, Mildred na Patty Hill, walioichapisha mwaka 1893 kama salamu ya asubuhi kwa watoto wa chekechea. Maneno ya kuzaliwa yaliingia baadaye, bila mtu kujua hasa kwa mkono wa nani. Mwaka 1935 kampuni moja ikasajili hakimiliki. Haki zikauzwa, zikauzwa tena, mpaka zikafika Warner/Chappell mwaka 1988, ambao walikuwa wakikusanya kiasi cha dola milioni mbili kwa mwaka kutoka kwa watengeneza filamu na vipindi. Ndiyo maana wahudumu wa migahawa mikubwa ya Marekani walikuwa wakija mezani na keki huku wakipiga makofi na kuimba wimbo mwingine kabisa waliojitungia. Mwaka 2013 mtengeneza filamu mmoja, Jennifer Nelson, aliyetozwa dola 1,500 kwa filamu aliyokuwa akiitengeneza kuhusu wimbo huohuo, akafungua kesi. Wakati kesi inaendelea likapatikana toleo la kitabu cha nyimbo cha 1922 chenye maneno yale, bila tangazo lolote la hakimiliki. Septemba 2015 Jaji George King akaamua kwamba kampuni haikuwa na haki halali juu ya maneno, na mwaka uliofuata ikakubali kulipa dola milioni 14 kuimaliza kesi.

Mawakili wana sikukuu zao katika muziki, na si zote zinaonekana. Desemba 2012 kampuni ya Bob Dylan ilitoa mkusanyiko wa rekodi zake za zamani, wa kuadhimisha miaka 50. Kwa kawaida kitu kama hicho hutangazwa mpaka watu wachoke. Huu ulitolewa nakala kama mia moja tu, kwenye diski za kawaida za kurekodia, ndani ya karatasi isiyo na urembo, ukapelekwa kwenye maduka machache ya Ulaya. Kichwa chake kidogo kilikiri wazi kwamba lengo ni kurefusha hakimiliki. Umoja wa Ulaya ulikuwa umeongeza ulinzi wa rekodi kutoka miaka 50 hadi 70, kwa sharti kwamba rekodi iwe imetolewa ndani ya ile 50 ya mwanzo. Zilizolala kabatini zingekuwa mali ya umma Januari ikiingia. Basi zikatolewa mbio, si ili watu wazisikilize, bali ili zisije zikawa zao. Mwaka mmoja baadaye rekodi za Beatles za 1963 zikaibuka kwenye mtandao kwa njia hiyohiyo, wiki mbili tu kabla ya mwaka kugeuka. Ukiona msanii mkubwa wa miaka hiyo ametoa "hazina iliyofichwa" mwezi Desemba, tazama kwanza mwaka aliorekodi, ongeza 50, ndipo ushangilie.

David Bowie ni mmoja wa wachache walioishika tarehe yao wenyewe bila kumwachia mtu. Alizaliwa Brixton, London, Januari 8, 1947, siku moja na Elvis Presley, aliyezaliwa Tupelo, Mississippi, mwaka 1935, na jambo hilo lilimfurahisha tangu ujana. Baada ya miaka kumi ya kimya cha albamu, alirudi ghafla na wimbo mpya asubuhi ya Januari 8, 2013. Albamu yake ya mwisho, Blackstar, ilitoka Januari 8, 2016, akitimiza 69. Siku mbili baadaye akafa kwa saratani aliyokuwa ameificha, na watu waliokuwa wakiichambua albamu kama zawadi ya kuzaliwa wakalazimika kuirudia tangu mwanzo.

Nije nyumbani. Kati ya wanamuziki wote waliozaliwa Zanzibar, mwenye tarehe inayojulikana zaidi duniani ni Farrokh Bulsara, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja Septemba 5, 1946. Baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu. Akiwa na miaka minane walimpeleka shule ya bweni Panchgani, India. Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza, na huko Farrokh akageuka Freddie Mercury wa kundi la Queen. Karatasi zake zimetimia: serikali ya kikoloni ilijua kuandika watoto wa wafanyakazi wake.

Lakini karatasi si kila kitu. Mwaka 2006, ambao angetimiza miaka 60, ilipangwa sherehe kubwa Unguja. Kundi la Uamsho likaiandikia wizara inayohusika na utamaduni likitaka isifanyike, kwa hoja kwamba Freddie hakuwa Mzanzibari wa kweli na kwamba maisha yake yalikwenda kinyume na dini. Sherehe ikafutwa. Tarehe ilikuwepo, mahali palikuwepo, wageni walikuwepo. Wenyewe wa kuisimamia ndio hawakutosha. Montreux, mji wa Uswisi ambako Queen walikuwa na studio, hawakuwa na shida hiyo: sanamu yake imesimama kando ya ziwa tangu 1996, na kila Septemba wapenzi wake hukusanyika hapo. Unguja, kwa miaka mingi, kumbukumbu yake iliachwa mikononi mwa papasi wa Mji Mkongwe, kila mmoja na nyumba yake ya kuonyesha kwamba hapa ndipo alipoishi. Jumba dogo la makumbusho lilifunguliwa Shangani Novemba 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake. Waliofungua walichagua siku ya kufa, si ya kuzaliwa, na kwa desturi zetu sioni ajabu.

Maana huku pwani siku ya mtu ni hitima yake. Siku ya kuzaliwa inayosomwa, kuswaliwa na kupigiwa dufu mpaka alfajiri ni moja tu, ya Mtume, Mfungo Sita, na Lamu inajaa watu kutoka Mogadishu hadi Comoro kwa ajili hiyo. Mashehe watanikemea nikiiita muziki, kwa hiyo siiti. Wanaobaki, hata wakubwa, umri wao ulihesabiwa kwa matukio. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, aliyeimba na kupiga ngoma za unyago mpaka uzeeni kabisa, aliyepewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, alipoulizwa alizaliwa lini alikuwa akirejea zama za rupia. Rupia ilitumika Zanzibar hadi 1936, na ilianza kabla yeye hajazaliwa, kwa hiyo mwandishi wa habari aliondoka na alichokuja nacho. Alipofariki Aprili 17, 2013, dunia iliandika kila umri kuanzia miaka tisini na kitu hadi zaidi ya mia. Mwenyewe nadhani aliufurahia utata huo. Ulimfanya awe mkongwe kuliko yeyote aliyetaka kumpima.

Na Siti binti Saad, ambaye Bi Kidude alimfuata kwa nyimbo na kwa miguu? Fumba, karibu 1880. Zaidi ya hapo hakuna, hata kwa Shaaban Robert aliyemwandikia wasifu. Alizaliwa katika familia ya watumwa, akaitwa Mtumwa, na hakuna karani aliyeinama kuandika siku ya mtoto wa jina hilo. Tarehe ya kufa tunayo, Julai 8, 1950. Lakini kuna nyingine. Machi 1928 kampuni ya Gramophone ilimsafirisha yeye na wenzake hadi Bombay: Maalim Shaaban, Budda Swedi, Mbaruk Talsam, Subeit Ambar. Wakaingia studio, na Kiswahili kikatoka upande wa pili kikiwa kwenye santuri zilizouzwa Unguja, Mombasa, Dar es Salaam na bara. Kampuni za santuri zilikuwa na tabia ambayo padri wa New Orleans angeielewa: kila upande wa sahani ulipewa namba, ukaandikwa daftarini. Alichonyimwa Siti kwa kuzaliwa katika utumwa alikipata kwa wafanyabiashara.

Hesabu hiyo inatimia karne Machi 2028. Nadi Ikhwan Safaa, klabu iliyoanzishwa 1905, imeshawahi kupita karne yake na inajua namna ya kuandaa mambo. Culture Musical Club haitakubali kuachwa nyuma, na itabidi mtu mwenye busara aamue nani afungue onyesho. Ramadhani ya mwaka huo inategemewa kwisha mwishoni mwa Februari. Machi karibu yote itakuwa Mfungo Mosi, msimu wa harusi, wapiga taarabu wote wameshakodiwa na Ngome Kongwe imejaa. Anayetaka kumwadhimisha Siti aweke nafasi mapema.